Maswali na majibu: kompyuta ya nyumbani na wezi wa akaunti za benki

Barua nyingi safari hii zinazunguka jambo moja: programu hasidi zinazoiba fedha benki kupitia kompyuta ya nyumbani. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha.

Fundi, kabla sijaandika nenosiri la benki huangalia kwanza alama ya kufuli pale kwenye anwani. Siku zote ipo. Bado kuna hatari?

Ipo. Kufuli inathibitisha kwamba mawasiliano kati ya kivinjari chako na tovuti uliyofungua yamesimbwa, mtu wa njiani hawezi kuyasoma. Haikuambii kama mwenye tovuti ni mwaminifu, na matapeli nao huzipatia tovuti zao kufuli, tena bure. Chrome iliiondoa alama hiyo mwaka 2023 na kuweka nyingine, kwa kuwa watu wengi walidhani kufuli maana yake ni tovuti ya kuaminika.

Tena kuna wezi ambao hawana haja ya kusimama njiani, hata kama uko kwenye tovuti halisi ya benki. Programu hasidi iitwayo Zeus, iliyogunduliwa mwaka 2007, ndiyo iliyoufanya mtindo huu uenee. Inaingia kwenye kompyuta, inajipachika ndani ya kivinjari, na inasoma unachoandika kabla hakijasimbwa. Zaidi ya kusoma, inaweza kuongeza vitu kwenye ukurasa. Unafungua tovuti ya benki, anwani ni ileile, nembo ni ileile, ila chini ya nafasi ya nenosiri pameongezeka nafasi ya namba ya kadi, na nyingine ya zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Benki haijui chochote kuhusu nafasi hizo, maana zimechorwa ndani ya kompyuta yako. Mwaka 2009 ikajitokeza nyingine, URLZone, ambayo ikishahamisha fedha hubadilisha salio linaloonekana kwenye skrini ili usishtuke. Kisha mwaka 2011 msimbo wa Zeus, yaani maandishi yanayoiunda programu, ukavuja, na kila mwenye nia mbaya akajichotea.

Nalisema mapema kwa sababu majibu mengi yanayofuata yanategemea hili: kompyuta ikishaambukizwa, usiiulize yenyewe kama ni nzima. Salio litazame kwenye simu au ATM. Na ukiona ukurasa wa benki unauliza kitu ambacho haujawahi kukuuliza, usijaze. Ufungue kwenye kifaa kingine uone kama na huko unauliza.

Benki yangu hunitumia namba ya siri kwa SMS kila ninapotaka kulipa. Mwizi ataipataje na simu ninayo mkononi?

Utampa wewe mwenyewe. Tazama inavyokwenda. Umeingia kwenye akaunti kuangalia salio tu. Ghafla unatokea ujumbe: "Tunahakiki usalama wa akaunti yako, tafadhali subiri," na kiduara kinazunguka. Wakati kinazunguka, mwizi anaandaa malipo kutoka kwenye akaunti yako, mara nyingine akipitisha kila kitu kwenye kompyuta yako mwenyewe ili benki ione ni mteja wake wa siku zote. SMS inaingia kwenye simu. Ukurasa unakuomba uweke namba uliyotumiwa ili uhakiki ukamilike. Unaandika tarakimu sita, na hapo umeshaidhinisha malipo.

Hapa ndipo ninapogombana hata na ndugu zangu. Watu wanachungulia tarakimu juu ya skrini ya simu bila kuufungua ujumbe. Usome wote. Benki nyingi huandika mle kiasi kinacholipwa na anayelipwa. Kama ulikuwa unatazama salio na ujumbe unazungumzia malipo, basi kuna mtu anajaribu kulipa kwa jina lako. Usiandike ile namba, funga kompyuta, piga simu benki. Kama benki yako hutuma tarakimu tupu bila maelezo, ulizia kama ina programu ya simu inayoonyesha kiasi na mpokeaji kabla ya kubonyeza "kubali". Hiyo ndiyo nzuri zaidi, kwa sharti kwamba ukisoma unasoma kweli.

Jambo jingine: ukurasa wa benki kwenye kompyuta ukikuuliza aina ya simu yako, kisha ukataka uweke programu fulani "ya usalama" kupitia kiungo kilichotumwa, kataa. Wenye Zeus walikuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 2010, na programu yenyewe kazi yake ilikuwa kuiba SMS za benki.

Nikitumia kibodi ya kwenye skrini badala ya ile ya kawaida, si nitawakwepa?

Hapana. Programu hizi hupiga picha ya skrini kila unapobofya, au husubiri hadi fomu ijazwe ndipo ziichukue yote.

Je, niweke antivirusi mbili ili moja ikikosa nyingine ikamate?

Moja inatosha. Mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja hugombana na kuipunguzia kompyuta kasi. Windows tangu toleo la 8 huja na Defender yake, na kwa nyumbani inafaa, mradi usiizime kwa sababu mchezo fulani wa kupakua bure umekuambia uizime.

Watoto wanacheza michezo kwenye kompyuta hiyohiyo ninayolipia bili. Siwezi kununua nyingine.

Si lazima ununue. Kwanza, kila mtu awe na akaunti yake ya kuingilia, na ya watoto iwe ya kawaida, isiwe ya msimamizi. Wakitaka kuweka programu, waje kwako uandike nenosiri. Hilo linazuia mengi, ingawa si yote.

Pili, na hapa nakuomba uwe mkali, michezo iliyovunjwa ufunguo na vile vijiprogramu vya kudanganya alama ndiyo mlango mpana kuliko yote. Vinavyoingia kupitia huko siku hizi huchota nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, pamoja na vidakuzi, yaani vijifaili vya kivinjari vinavyoonyesha kwamba umeshaingia kwenye akaunti fulani. Akiwa na vidakuzi hivyo mwizi anaweza kuingia kwenye barua pepe yako bila hata kuulizwa nenosiri.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, weka Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, kwenye flashi, uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo kila unapokwenda kulipa, ukimaliza uzime. Programu hasidi iliyolala ndani ya Windows haiamki ukifanya hivyo. Ni usumbufu, najua, lakini hauna gharama.

Nilipokea ankara kwa barua pepe, nikafungua faili la Word, likanitaka nibonyeze "wezesha maudhui". Nimebonyeza. Hakuna kilichotokea. Nimepona?

Kutoonekana kitu si dalili ya kupona. Programu hasidi Emotet na Dridex zilisambaa kwa njia hiyohiyo: makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya faili, inajiendesha, inavuta programu nyingine, na wewe unaona ukurasa mtupu. Microsoft walianza kuzuia makro za mafaili yatokayo mtandaoni mwaka 2022, lakini Office ya zamani haina kinga hiyo.

Ikate kompyuta kwenye intaneti sasa hivi. Kwa simu, piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, usitumie namba iliyomo kwenye barua pepe hiyo. Nywila zibadilishe ukiwa kwenye kifaa kingine, ukianza na ya barua pepe, kisha chagua "ondoka kwenye vifaa vyote". Ukizibadilisha kwenye kompyuta ileile utakuwa unampa mwizi nywila mpya. Baada ya hapo hifadhi picha na nyaraka zako, ufute diski na uweke Windows upya. Najua wengi watajaribu kusafisha kwa antivirusi waishie hapo. Kwa kompyuta ya kuandikia barua ningewaelewa, kwa ya benki siwaelewi.

Tovuti imeniambia nithibitishe kuwa mimi si roboti kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ni kawaida?

Si kawaida hata kidogo. Tovuti imeshaweka amri kwenye ubao wa kunakili, pale kinapokaa ulichokopi kabla ya kukibandika, na wewe unatakiwa kuiendesha kwa mkono wako. Funga ukurasa. Kama umeshafanya, rudi kwenye jibu lililotangulia, ulifuate lote.

Bado niko na Windows 10 na inafanya kazi vizuri. Kuna ubaya?

Masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft waliweka mpango wa kuongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama kwa watakaojiandikisha. Kama hukujiandikisha, endelea kuitumia kwa mambo mengine, ila benki ihamishie kwenye simu.

Natumia Mac. Haya yote si ya watu wa Windows?

Yalikuwa hivyo zamani kwa kiasi kikubwa. Tangu mwaka 2023 inauzwa programu ya wizi iitwayo Atomic Stealer, iliyotengenezwa mahsusi kwa Mac. Huleta kidirisha kinachofanana na cha mfumo na kukuomba nenosiri la kompyuta. Kidirisha cha namna hiyo kikitokea mara tu baada ya kufungua kitu ulichopakua nje ya App Store, bonyeza "ghairi" na ulitupe faili. Kikirudi tena na tena, zima kompyuta.