Warfarini na dawa za mitishamba: mnauliza, tunajibu

Damu iliganda mguuni, sasa natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Chai ya tangawizi naruhusiwa? (Kirumba)

Pingili moja ya tangawizi kwenye birika la familia haina neno. Hatari ni ile glasi ya tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa, asubuhi na jioni, au vidonge vyake. Kwa wingi huo huzipunguzia nguvu chembe sahani, zile zinazowahi kuziba jeraha. INR, kipimo cha kliniki cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, haipimi chembe hizo, kwa hiyo majibu yanaweza kutoka mazuri huku fizi zinavuja.

Nimeambiwa niache kabisa mchicha na matembele. (Ukerewe)

Usiache. Mboga za majani zina vitamini K, na warfarini inafanya kazi kwa kuipinga. Dozi yako imepangwa kwa mlo wako wa kawaida. Ukiacha mboga ghafla, INR inapanda na unaweza kuvuja damu. Ukila wiki nzima ugali na dagaa tupu, kisha ukafululiza sahani kubwa za kisamvu, inashuka na damu inaweza kuganda. Kula kiasi kilekile, tuseme kikombe kimoja cha mboga iliyopikwa, mara tatu au nne kwa wiki. Unga wa mlonge ni majani yaleyale yaliyokaushwa, vijiko viwili ni mboga nyingi: usiuanze bila kuiambia kliniki. Wagonjwa wengi hulengwa INR ya 2 hadi 3, wenye vali ya bandia ya moyo mara nyingine zaidi. Ukibadili mlo, pima tena ndani ya wiki.

Muuzaji wa mizizi anasema dawa yake haina kemikali.

Chupa ya leo na ya kesho hazilingani nguvu, hata muuzaji akiwa mwaminifu. Tena dawa za "asili" za maumivu zimewahi kukutwa zimechanganywa na diklofenaki, dawa ya maumivu ya viwandani. Kama umeshaanza kunywa, nenda na chupa yenyewe kliniki. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukijigonga kichwa, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama unajisikia mzima.

Mgongo ukiniuma nimeze nini?

Parasetamoli, kwa siku chache. Ukihitaji kila siku, INR ipimwe. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki usijinunulie. Mtu anauogopa mchicha, halafu anapita duka la dawa kuchukua Flagyl au Septrin kwa ajili ya tumbo! Hizo mbili hupandisha INR kuliko chai yoyote ya jikoni.

Nikisahau kidonge?

Ukikumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha kesho tu, usimeze viwili, na uandike tarehe kwenye kadi yako.