Jalada lako linasema nini? Ushauri kwa anayesoma shahada ya uzamivu

Mwaka wangu wa pili wa uzamivu mama aliugua, nikaenda Singida kumuuguza kwa miezi saba. Nilimpigia simu msimamizi wangu, akanipa pole, akasema nenda, masomo yapo. Alisema kwa nia njema na mimi niliondoka kwa moyo mweupe. Niliporudi, mfumo wa usajili ulikuwa unanidai ada ya mwaka mzima, na ile miezi saba ilikuwa imehesabiwa katika muda wangu wa masomo kana kwamba nilishinda maktaba kila siku.

Nilikwenda kwenye ofisi ya masomo ya uzamili, ambayo hutushughulikia na sisi wa uzamivu, nikiwa na hasira. Mama wa masijala aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akatoa jalada langu na kulilaza mezani. Alifunua kwa kidole kilicholowa mate, akasimama kwenye folio ya mwisho, yaani karatasi ya mwisho iliyopewa namba jaladani: ripoti yangu ya maendeleo ya mwezi wa pili. Juu yake hapakuwa na karatasi, uzi mtupu.

"Mwanangu," aliniambia, "humu ndani hukuuguza mtu. Humu ulikuwa unasoma."

Hasira iliniisha palepale. Kanuni za chuo chetu zilikuwa na kifungu kizima cha kuahirisha masomo: unajaza fomu, unaambatisha vyeti vya hospitali, msimamizi anasaini, mkuu wa idara anapitisha, kamati inajadili. Muda ulioahirishwa kwa utaratibu huo hauhesabiwi. Ila fomu iingie kabla hujaondoka, au mara tu unapopata nafasi, si baada ya miezi saba. Nilikuwa na haki ile yote na sikuijua, kwa sababu kanuni zenyewe sikuwahi kuzisoma. Nilikuwa nauliza wenzangu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayeanza uzamivu ni huu: tafuta kitabu cha kanuni za masomo ya uzamili cha chuo chako, ukisome chote kabla ya kusoma kitu kingine. Kundi la WhatsApp la wanafunzi lina watu wema, lakini aliyeanza miaka minne kabla yako huenda anafuata kanuni nyingine kabisa. Uliza kwa maandishi ni toleo lipi linalokuhusu. Halafu soma ukiwa na kalamu. Penye neno "lazima", piga mstari na uandike tarehe pembeni. Penye "kamati inaweza", weka nyota, maana hapo ndipo kuna mlango wa kuomba nyongeza ya muda, kubadilisha msimamizi au kubadilisha kichwa cha utafiti. Wengi tunateseka na "lazima" bila kujua kwamba aya mbili mbele kuna "inaweza".

Na kila jambo liwe na karatasi. Ukitoka kwenye kikao na msimamizi, mwandikie barua pepe jioni ileile: tumekubaliana hili na hili, nitakuletea sura ya pili tarehe fulani. Si kumtega. Msimamizi ana wanafunzi wengi, ana vipindi, anasafiri, na siku moja anaweza kuhamia chuo kingine. Atakayempokea hatajua mlichozungumza chini ya mwembe. Barua yoyote unayopeleka ofisini chapa nakala mbili, moja waipokee, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ikihama kutoka ofisi moja kwenda nyingine, uliza imeandikwa kwenye dispachi, lile daftari la barua zinazotoka, tarehe ngapi. Swali hilo, likiulizwa kwa adabu, limeniokolea wiki nyingi. "Barua yangu imefikia wapi?" hujibiwa "subiri". "Imetoka kwenye dispachi lini, na aliyeipokea ni nani?" humfanya mtu afungue daftari.

Sehemu iliyonigharimu fedha ni vibali vya kwenda uwandani. Kwa sisi tunaosoma vyuo vikuu vya umma hapa Tanzania, barua ya kibali cha utafiti hutoka kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Barua hiyo unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anakuandikia ya kwenda wilayani. Kutoka wilayani au kwa mkurugenzi wa halmashauri unapewa ya kwenda kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Kila ngazi inasoma barua ya ngazi iliyopita neno kwa neno. Mimi kamati ilinibadilishia kichwa cha utafiti baada ya kutetea andiko la utafiti na kuniongezea wilaya moja ya mkoa wa Dodoma. Nilifurahi kupita, nikaacha barua ya zamani ilivyo. Nilifika kwenye ile wilaya na wasaidizi wawili niliokwisha kuwalipa posho ya siku tatu. Afisa aliisoma barua, akairudia, akanionyesha kwamba wilaya yake haimo. Alikuwa sahihi kabisa. Mkulima anayehojiwa kuhusu kisima cha kijiji ana haki ya kujua mhojaji ametumwa na nani. Tulirudi Dar es Salaam na basi la usiku.

Kwa hiyo barua ya kibali ikitoka, isome hapohapo ukiwa umesimama: jina lako, kichwa cha utafiti kama kilivyopitishwa, wilaya zote, tarehe ya mwisho. Kosa ukiligundua mlangoni hurekebishwa siku hiyo au kesho yake.

Kibali cha maadili, kile cha kuwalinda watu utakaowahoji, ni kingine, usikichanganye na hicho. Utafiti wa afya kwa Tanzania Bara unapitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu; Zanzibar ina utaratibu wake, kibali cha Bara hakikuvushi bahari. Kwa Kenya, leseni ya utafiti inatoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na ukiipata unatakiwa kuripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kuanza. Ukisoma chuo cha nje ukaja kukusanya data nyumbani, kibali cha maadili cha huko ulikotoka hakitoshi peke yake, anzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Na tafadhali usihoji mtu hata mmoja kabla ya kibali cha maadili kutoka. Kamati hazibariki kazi iliyokwisha kufanyika. Nimemwona mwenzangu, mtu makini sana, akiweka kando mahojiano ya miezi miwili kwa sababu aliyaanza wiki chache mapema.

Kuhusu makala za majarida, angalia chuo chako kinataka ngapi na katika hatua gani: zilizochapishwa, au hata zilizokubaliwa tu? Viwango vya Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya vya mwaka 2014 viliweka makala mbili kwa mwanafunzi wa uzamivu, na vyuo vingi vya ukanda huu vina sharti linalofanana. Jarida la maana linaweza kukaa na makala yako mwaka mzima, basi ianze safari mapema, sura ya mapitio ya maandiko ikiwa bado ya moto. Ukibanwa na muda usikimbilie majarida yanayoahidi kuchapa ndani ya siku tano ukilipa. Fedha itakwenda, na kamati itayakataa.

Chuoni kwetu, miezi mitatu kabla ya kuwasilisha tasnifu unaandika barua ya nia ya kuwasilisha, ili watahini waanze kutafutwa. Wengi huikumbuka wakiwa tayari wamefika kwa mchapaji. Yangu niliiandika nikiwa bado nahariri sura ya tano. Niliipeleka masijala asubuhi, nakala mbili. Mama yule aligonga muhuri, akanirudishia moja, akafungua jalada na kuitunga nyingine kwenye uzi. Lilikuwa limenenepa.

"Na mama wa Singida?" aliniuliza.

Nikamwambia ameanza kwenda shamba mwenyewe.

"Mungu mkubwa," alisema, akaandika namba ya folio.