Mtoto asiyesumbua ndiye wa kuangaliwa kwanza

Swali la wiki hii lilikuwa: "Mzazi anapougua kwa miaka mingi, watoto waambiwe ukweli au waachiwe utoto wao?" Nasema waambiwe, tena mapema. Huo utoto tunaodhani tunaulinda kwa kunyamaza, mara nyingi umeshaingiwa na hofu siku nyingi.

Nimekulia katika nyumba yenye mgonjwa. Figo za mama zilishindwa kazi, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa karibu saa nne kila anapokwenda. Sisi watoto tuliambiwa tu kwamba "mama amechoka". Lakini macho tulikuwa nayo. Tuliona mishipa ilivyovimba mkononi mwake, tukaona maji yake ya kunywa yanavyopimwa, tukasikia wakubwa wakikatiza mazungumzo kila tulipoingia. Mtoto akikosa maelezo huyatunga mwenyewe, na anayoyatunga yanaweza kumtisha kuliko ugonjwa wenyewe. Wadogo, wa miaka mitatu hadi saba hivi, hudhani wao ndio chanzo cha kila kinachotokea. Mdogo wangu aliamini kwamba mama anazidiwa kwa sababu ya kelele zake. Akaacha kuimba, akaacha kukimbia ndani, na watu wakamsifu kwa utulivu.

Hapo ndipo ninapotaka wazazi na walezi wasimame kidogo. Tunapofikiria mtoto aliyeumia akilini tunatazamia ugomvi, utoro na kushuka darasani. Hayo yapo. Lakini tafiti zilizofanywa kwa familia za namna hii zimeonyesha zaidi matatizo yanayojificha ndani: wasiwasi, huzuni, kujitenga, na maumivu ya tumbo au kichwa ambayo vipimo havioni chanzo chake. Mtoto wa hivyo hasumbui mtu. Anaficha barua ya shule inayodai ada ili mama asipandwe na presha. Akiwa na homa hasemi. Anakataa kwenda kulala kwa shangazi kwa kuogopa litakalotokea akiwa hayupo. Usiku anaamka kusikiliza kama mama anapumua, kisha asubuhi anavaa sare na kwenda shule. Wageni wakija wanasema, "Mungu amekujalia, huyu mtoto ni mtu mzima kabisa," na sifa hiyo inamfunga mdomo zaidi, maana sasa ana jina la kulinda.

Sisemi mtoto asisaidie. Kuosha vyombo, kumletea mama maji, kumsindikiza bafuni, ni kazi ambazo mtoto anaziweza, na zikiwa na kiasi na akishukuriwa, humjengea kujiamini. Kinachomvunja ni kubebeshwa moyo wa mkubwa: kuwa ndiye anayeambiwa siri za mzazi, ndiye mpatanishi wa baba na mama, ndiye anayekumbuka saa za dawa na kujilaumu dozi ikirukwa. Kazi hizo hazina mwisho wala hazina likizo, na hakuna mtu mzima aliyemwambia mtoto kwamba anaruhusiwa kuzikataa.

Jambo jingine lisilosemwa sana: ukubwa wa ugonjwa peke yake hautabiri jinsi mtoto atakavyokuwa. Mengi hutegemea hali ya nyumba na hali ya moyo wa mzazi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huwapata wagonjwa wengi wa maradhi ya kudumu, na mzazi aliyezama humo hushindwa kuona mwanawe anazama pia. Kwa hiyo kutibu huzuni ya mzazi ni sehemu ya kumlinda mtoto.

Kwetu aliyevunja ukimya alikuwa muuguzi. Alimruhusu mdogo wangu kuiona ile mashine, akamwonyesha damu inapotoka na inaporudia, akamwambia kwamba figo hazikuharibiwa na kelele za mtu yeyote. Maelezo yale hayakuchukua muda mrefu. Ndiyo yaliyomrudishia sauti yake.

Mtoto anahitaji kulijua jina la ugonjwa. Anahitaji kuambiwa kwamba si yeye aliyeusababisha, na kama hauambukizi, aambiwe hivyo pia. Anahitaji kujua nani atampikia na kumpeleka shule mama akilazwa. Akiuliza, "Utakufa?" asiahidiwe kisichoahidika. Aambiwe: "Madaktari wananitibu, na nikijua jambo jipya nitakuambia, hutalisikia kwa watu." Mazungumzo haya hayafanyiki mara moja yakaisha, kwani wa miaka mitano atakuja na maswali mengine akifika kumi na mbili.

Norway iliweka sheria mwaka 2010 inayowataka wahudumu wa afya kujali mahitaji ya watoto wa mgonjwa mwenye maradhi mazito, yawe ya mwili au ya akili. Naona ni busara kubwa, kwa sababu mgonjwa wa kudumu anaweza kukosa mwalimu au mshauri wa kuongea naye, lakini kliniki anafika. Faili lake lina uzito, presha na orodha ya dawa. Liongezwe swali moja: nyumbani kuna watoto wa umri gani, na wameelezwa nini? Na pale ambapo hakuna anayeuliza, mzazi alitaje mwenyewe kabla hajainuka kwenye kiti, aombe asaidiwe namna ya kuwaambia.