Paina za miaka 8: ukate sasa au usubiri hela ya kaboni? Jibu la aliyeunguliwa

Mkuu umesema una ekari 20 za paina za miaka 8 huko Mufindi, dalali anazitaka zote kwa mkupuo, afu kuna jamaa wamekuja kijijini wanataka msaini msikate miaka 30 mlipwe kaboni, yaani hela ya hewa ukaa ambayo miti inaivuta na kuihifadhi. Nakujibu kama mkulima mwenzio, mtaalamu mimi siyo.

Nilianza na ekari 12, nafasi mita 3 kwa 3, kama miti 450 kwa ekari. Nikajiapiza sigusi mpaka miaka 18, maana mti wa miaka 8 ukiupeleka dingdong (zile mashine ndogo za kuchana mbao) unaambulia mbao za inchi 2x4 mbili tatu na masalia kibao, ila wa miaka 18 unachana 2x6 na 1x8 na hapo dalali ndo anakubembeleza wewe. Hesabu tamu kabisa. Oktoba ya mwaka wa 11 jirani akachoma majani shambani kwake saa saba mchana, upepo wa mwezi ule si unaujua, ilipofika saa kumi ekari zangu 5 zimekwenda. Paina ikiungua ndo imekufa, haichipui kama mlingoti. Na ukizubaa mbao zinaingia bluu, ile michirizi ya fangasi kama wino umemwagika, mnunuzi akiiona tu anashusha bei hapohapo na huna cha kumjibu. Wiki 3 nilihangaika kutafuta mashine kwa sababu kila aliyeunguliwa alikua anaitafuta mashine hiyohiyo 😅

Ndo nikaelewa kwamba moto ni riba unayolipa kila mwaka hata kama hujakopa. Chukua mfano tu, eneo lenye uwezekano wa kuungua 3 kwa 100 kila mwaka: shamba kumaliza miaka 10 salama ni kama 74 kwa 100, miaka 20 inashuka mpaka 54. Kwa hiyo moto unakuvuta ukate mapema, kaboni inakuvuta uchelewe, na wewe uko katikati na ada za watoto.

Kaboni yenyewe sio utapeli. Mti ukikauka karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na kanuni za hiyo biashara zipo tangu 2022. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi wanalipwa kweli, ila wale wanatunza msitu wa asili. Shamba la kuvuna ni habari nyingine, huwa hulipwi kwa mzigo wote uliosimama, wanapiga wastani wa kaboni inayokuwepo shambani kwenye mizunguko yote ya kupanda na kuvuna, afu sehemu ya hiyo kaboni inawekwa pembeni kufidia moto. Kwa hiyo kabla ya kusaini waulizeni, likiungua mwaka wa 12 nani anadaiwa, kupunguzia miti (kutoa baadhi ili iliyobaki inenepe) kunaruhusiwa, na wakaguzi nani anawalipa? Jamaa wa kaboni aliyekuja kwetu nilimuuliza hilo la kwanza akaanza kufungua faili upya. Pia kuna kituo cha taifa cha kaboni pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, ulizeni kama huo mradi wanaujua.

Mimi sasa hivi shamba nimeligawa kwa moto, siligawi kwa umri. Ekari zinazopakana na mashamba ya watu na njia ya wapita njia (na sigara zao) navuna miaka 9 au 10 napanda tena. Za katikati na zile za karibu na bonde lenye maji naziacha zinenepe mpaka 18, nazipunguzia, na matawi niliyopogoa nayatoa nje, usiyalundike chini ya miti maana hizo ni kuni umejiandalia mwenyewe. Barabara ya moto mita 10, naifyeka na kuipalilia mpaka udongo mtupu kabla Julai haijaisha. Hata kaboni inakaa salama zaidi hivo, mbao iliyopigwa kwenye paa la mtu Dodoma bado inayo kaboni yake, ya majani na matawi ya ekari zangu 5 ilipaa siku ileile.

Kwa ekari zako 20 ningeuza 5 au 6 za pembeni tu, hela yake ikafungue barabara ya moto na kulipa vijana wa doria Agosti mpaka mvua. Dalali akisema zote au basi, mwache aende, Mafinga madalali hawaishi. We tupia picha ya upande unaopokea upepo tuone uanzie wapi.