Je, kutosambaza video ni ukosefu wa huruma?

SWALI: Asalaam aleikum, Mhariri. Katika kundi la WhatsApp la jamaa zetu, mpwa wangu huleta kila wiki video ya mgonjwa au ya watu waliokumbwa na vita, akitutaka tuisambaze na tuweke alama ya kampeni kwenye picha zetu. Mwezi uliopita nilikataa, nikaambiwa mbele ya wote kwamba nina moyo mgumu. Je, nimekosea?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Hukukosea, na neno uliloambiwa limeniuma, kwa sababu huruma haipimwi kwa picha iliyo kwenye simu ya mtu.

Mwezi Machi 2012, shirika la Kimarekani la Invisible Children lilitoa video ya nusu saa kumhusu Joseph Kony, kiongozi wa LRA, waasi waliowatesa watu wa kaskazini mwa Uganda, ikatazamwa mara milioni 100 katika muda wa siku sita hivi, huku vijana wakiuziwa bangili na mabango ili jina lake lijulikane kote. Lakini Kony alikuwa ameshaondoka Uganda miaka kadhaa kabla ya hapo, na watu wa kaskazini mwa nchi hiyo, ambao walimjua kuliko yeyote, walikuwa na haja ya matibabu, shule na kurejea mashambani mwao. Video hiyo ilipoonyeshwa hadharani mjini Lira, huko huko kaskazini, wenyeji walighadhibika hata baadhi yao wakarusha mawe, kwani waliona masaibu yao yakisimuliwa kupitia maisha ya mtengenezaji wa filamu na mwanawe mdogo. Mwaka 2017 Marekani na Uganda ziliacha kumsaka Kony, akiwa bado hajakamatwa. Kila nikumbukapo watu wale wa Lira, hujiuliza ni nani aliyewataka shauri kabla ya kamera kuwashwa.

Sisemi kwamba kampeni zote ni bure. Mwaka 2014 watu walijimwagia maji ya barafu kwa ajili ya ugonjwa wa ALS, unaoua neva zinazoendesha misuli, na chama cha wagonjwa hao Marekani kikapata dola milioni 115, ambazo sehemu yake iligharimia utafiti wa jeni za ugonjwa huo. Hapo palikuwa na mpokeaji anayejulikana na kazi iliyokuwa ikingojea fedha.

Kwa hiyo, mpwa wako akileta tena video ya mgonjwa, muulize kwa upole mgonjwa amelazwa hospitali gani, wodi gani, nani wa kwao anayeshughulikia mchango, na kama mgonjwa mwenyewe, au mzazi wake akiwa mtoto, ameridhia sura yake ionekane. Akiwa na majibu, changeni, kisha mmoja wenu aende akalipe dirishani kwa keshia na kurudi na risiti, kama majirani wa Mombasa wafanyavyo siku zote. Asipokuwa na majibu, usisambaze, hata akikuita jina gani.