Wanawake watatu shambani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kaka yangu kanitumia kwenye simu picha ya wanawake watatu wa Ufaransa, wameinama shambani. Imechorwa kwa rangi za mafuta. Sura zao hazionekani vizuri, lakini naiangalia kila siku. Ni ya nani? Nami nachora, natamani kumchora bibi yangu akiokota korosho. Nianzie wapi?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ni kazi ya Jean-François Millet, ya mwaka 1857, na sasa iko makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Millet alizaliwa 1814 kwa wakulima wa Normandy, akalima shamba la baba yake, na tangu 1849 aliishi Barbizon, kijiji cha kando ya msitu wa Fontainebleau. Wanawake hao ni maskini walioruhusiwa kuokota masuke ya ngano yaliyobaki baada ya mavuno. Ilipoonyeshwa Paris, baadhi ya wakubwa iliwachukiza. Mapinduzi ya 1848, Wafaransa walipomwondoa mfalme wao, hayakuwa ya zamani, na hapa mafukara wamechorwa wakubwa, mbele kabisa.

Tazama nyuma yao. Marundo ya ngano, mkokoteni, msimamizi juu ya farasi: utajiri wote uko kule kwenye mwanga, umechorwa mdogo. Huku mbele masuke hayajazi kiganja. Halafu mtazame yule wa kushoto, mkono mmoja kaurudisha mgongoni. Aliyeshinda chini ya mikorosho akitenganisha korosho na mabibo anaujua mkono ule. Sura ya nini tena? Mgongo umeshasema.

Kwa hiyo anza na mgongo wa bibi. Nenda naye shambani na penseli tu, umchore harakaharaka mara nyingi. Millet naye alichora michoro mingi kwanza, rangi akapaka baadaye, ndani ya nyumba. Upeo wa macho upandishe juu ili ardhi imzunguke bibi. Mizani na magunia ya chama cha msingi viweke mbali, vidogo.

Rangi za mwanzo zipunguze kwa tapentaini, ziwe nyepesi. Mafuta ya kitani yaongeze kwenye tabaka za juu, maana ukigeuza mpango huo picha itapasuka. Vanishi isubiri miezi sita au zaidi. Na bibi mlipe muda wake, hata kwa kumwokotea ndoo moja.