Misuli imepona, kano ya kisigino bado inauma

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: ulipumzika wiki 3, shavu la mguu likarudia nguvu zake, lakini kano ya kisigino inauma kila unapoanza tena kukimbia.

Kwanza hakikisha haijakatika. Ikiwa ulisikia mlio wa ghafla, au huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo peke yake, nenda hospitali leo hii. Mweleze daktari pia kama umetumia siprofloksasini (dawa ya kuua bakteria) hivi karibuni, kwa kuwa dawa za kundi hilo zinaweza kudhuru kano.

Kama si hivyo, huenda mapumziko yenyewe ndiyo yanayokuchelewesha. Msuli hupata damu nyingi na una seli za akiba zinazorekebisha nyuzi zilizochanika, ilhali kano, ambayo kwa sehemu kubwa ni kolajeni (protini ya nyuzi ngumu), hupata damu kidogo, na seli zake huhitaji kuvutwa ndipo zijenge nyuzi imara na zilizonyooka. Mimi nilipoteza miezi kadhaa nikiipumzisha yangu. Kila asubuhi nilishuka kitandani nikichechemea, mkono ukutani, mpaka kano ilegee.

Kilichonisaidia ni kusimama kwenye ukingo wa ngazi, kunyanyuka kwa miguu yote miwili, kisha kushusha kisigino polepole kwa mguu mbovu: mara 15, seti 3, kwa wiki 12. Maumivu kidogo yanavumilika, ila yakizidi asubuhi inayofuata, punguza uzito unaouweka kwenye mguu huo wala usiache zoezi.